Mtutu Uliogeuzwa Ukutani

"Bi Harusi, keki imo ndani ya makumbusho. Narudia, keki imo ndani. Bwana harusi keshafika. Asitoke nayo."

Sauti ya Mshenga ilikwaruza kwenye kisikilizio kidogo kilichojificha sikioni mwake, chini ya nywele. Bi Harusi akabonyeza kitufe kwenye ukosi wa shati.

"Nimekupata. Ndani wapi?"

"Hilo ndilo nililokutuma ukaliangalie, mama."

Akakata.

Hakuwa na shela wala maua mkononi. Alivaa jinzi, raba nyeusi na kizibao chenye mifuko mingi, kama wanavyovaa wapiga picha. Nikon shingoni, begi refu la stendi ya kamera begani, Glock 19 kiunoni kwa nyuma. Jina alibandikwa ofisini. Aliahirisha harusi yake kwa sababu ya kazi, akaahirisha tena, mpaka mchumba akachoka akaoa kwingine, na kadi ya mwaliko akaileta mwenyewe mapokezi. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkuu wake akajiita Mshenga, na tangu siku hiyo kila operesheni yake ikapangwa kwa maneno ya harusi. Watu wazima, wenye familia zao! Yeye hakuwahi kucheka hata siku moja.

Keki ya leo ilikuwa kombora.

Moja tu, la kurushwa begani. Ni bomba refu la kijani, mtu mmoja analibeba kama zulia lililokunjwa, analielekeza angani, kombora linafuata joto la injini, na ndege nzima ya abiria inashuka vipande vipande. Lilikuwa limeibwa kwenye ghala la nchi nyingine. Simu iliyonaswa juzi ilisema kwamba limefichwa ndani ya makumbusho ya jeshi, na kwamba litatoka leo, sherehe ikiwa imepamba moto. Wanunuzi walikuwa wameshachagua uwanja wa ndege. Upi, simu haikusema.

Kwa hiyo kazi ilikuwa moja. Lisipite geti.

Nje, Siku ya Jeshi na Jamii ilikuwa imefana. Vifaru vya zamani vilikuwa vimepakwa rangi mpya, watoto wanavipanda na kuteleza juu yake. Bendi ilipuliza, maputo yalipasuka, bango kubwa lilisema ASANTENI ASKARI WETU. Jenerali na wageni wake walikaa chini ya hema jeupe lenye feni na viti vya kitambaa. Wajane na wazazi wa waliokufa vitani walikaa ng'ambo, kwenye viti vya plastiki, chini ya turubai ambalo kivuli chake kilishahama tangu asubuhi. Hao ndio walioitwa wageni wa heshima. Walikuwa wamebandikwa hivyo vifuani, kwa karatasi.

Nyuma yao ulisimama ukuta mweusi wa majina.

Bi Harusi hakuuangalia. Jina alilolitaka halikuwepo.

Akaingia Ukumbi wa Silaha.

"Haa, mwanangu! Umekuja kunipiga picha au kunipekua?"

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umekonda. Huko kazini hawakulishi?"

"Wananilisha maneno."

"Basi tunakula jiko moja."

Mzee huyo alikuwa mdogo wa marehemu baba yake, sajini mstaafu, mtunza ukumbi. Ndiye aliyemlea baada ya baba kufa. Ndiye aliyemshikisha bunduki kwa mara ya kwanza, muda mrefu kabla idara haijajua kwamba kuna binti kama huyo duniani. Leo alivaa sare yake ya zamani, pasi imenyooka, viatu vinang'aa. Mchana huu Jenerali angemvisha nishani ya utumishi mrefu.

"Unajisikiaje?" Bi Harusi akamuuliza.

"Kama bwana arusi mzee. Nina jasho mpaka kwenye soksi."

Alicheka. Macho hayakucheka.

Bi Harusi akaanza kupiga picha. Ndani ya kifuniko cha lenzi kulikuwa na kifaa cha kunusa milipuko, kipya kabisa, fahari ya ofisi nzima. Akakipitisha kwenye bunduki za ukutani. Kikawaka chekundu. Akakipitisha kwenye kabati la vyeti. Chekundu. Akampitishia baba mdogo kwa mzaha. Chekundu tena. Ukumbi mzima ulikuwa umenywa baruti na mafuta ya bunduki kwa miaka mingi, na kifaa cha watu kilikuwa kimelewa. Akakizima.

Ingebidi atumie macho.

Silaha zote za ukumbi ule zilikuwa maiti. Ndivyo wenyewe walivyoziita. Kila moja ilikatwa pini, ikazibwa mtutu kwa chuma, ndipo ikaletwa hapa. Kwa hiyo baba mdogo aliwaachia watoto wazishike, wazipande, wajipige nazo picha wakielekezeana midomo ya mitutu. Wageni wengine walishtuka. Yeye alikuwa akiwajibu, "Zimeshakufa, zinamtisha nani?" Miaka yote hiyo hakuwahi kumgombeza mtoto hata mmoja.

Dirishani, mtoto mmoja wa kiume alikuwa amejifunga kitambaa shingoni, anaruka kutoka juu ya kifaru.

"Mwangalie yule," Bi Harusi akasema. "Kijiti mtupu."

Uso wa mzee ukalegea. Kijiti alikuwa mwanawe wa pekee, na kwa Bi Harusi alikuwa kaka, maana walikulia chumba kimoja. Utotoni Kijiti alipanda paa na shuka la mama yake, akajitangaza kuwa askari wa mwavuli, akaruka. Shuka halikufunguka. Alivunjika mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ukaunga vibaya, ukabaki na nundu ambayo Bi Harusi alizoea kuibonyeza kumchokoza.

"Daktari wa jeshi alitaka kumkataa kwa ile nundu," mzee akasema. "Unakumbuka? Mimi ndiye niliyeenda kumwombea apite."

Bi Harusi akageukia safu ya mabomba ya kurushia makombora, matano, yamelazwa kwenye vigoda vya mbao karibu na mlango wa nyuma. Yote ya kijani, yote yamechubuka, yote yana kibao cha maelezo.

Mtoto wa kike mwenye utepe mwekundu alifika mbio na koni ya barafu mkononi. Akainama mbele ya bomba la mwisho, akachungulia ndani kwa jicho moja.

Baba mdogo alitoka upande wa pili wa ukumbi kama aliyeitwa na moto. Hakukimbia. Alitembea haraka, akamshika mtoto mabega, akamsogeza pembeni kwa upole.

"Hapana, mjukuu wangu. Kaangalie yale mengine."

Kisha akalishika lile bomba kwa mikono miwili, akaligeuza polepole. Mdomo wake ukaangalia ukutani.

Yale mengine manne aliyaacha yakiwaangalia watu.

Bi Harusi alikuwa binti mdogo alipofundishwa amri ya kwanza ya uwanja wa shabaha, na aliyemfundisha alikuwa huyu huyu: silaha iliyo hai haimwangalii mtu. Alichapwa viboko vya miguu kwa kuisahau. Ilikuwa imemwingia mzee yule mpaka kwenye mifupa. Angeweza kuidanganya idara, angeweza kumdanganya Jenerali, lakini mtoto mbele ya mtutu ulio hai hakuweza kumwacha.

Mungu wangu, asiwe yeye. Aliomba hivyo kabisa, jasusi mzima, midomo ikicheza.

Akamsogelea.

"Baba mdogo. Lile ni zima."

Mzee hakukana.

"Ingia huku, mwanangu. Tusiongee mbele ya watoto."

Stoo yake ilikuwa ndogo: matambara, makopo ya mafuta, birika la umeme, picha ya Kijiti na sare ukutani. Mzee akafunga mlango nyuma yao. Akainama, akavuta sanduku la mbao kutoka chini ya meza, akaliweka juu.

"Kijiti yumo humu," akasema.

Bi Harusi akashika ukingo wa meza.

"Mgeni mwenye lile bomba kaniletea asubuhi. Sijalifungua. Nimeogopa."

"Baba mdogo, umefanya nini?"

"Nimefanya walichokataa kufanya wao." Sauti yake ilikuwa kavu. "Miaka saba tangu wampeleke ng'ambo ya mpaka. Serikali inasema jeshi halikuvuka mpaka ule. Kama halikuvuka, mwanangu hakufia kule. Kama hakufia kule, hakufa. Na kama hakufa, mbona haji nyumbani kula? Nimegonga kila mlango. Jenerali huyu huyu wa leo aliniambia, sajini, kunyamaza nako ni utumishi. Mama yako mdogo amekufa akimwekea sahani. Ulikuwepo, uliona ile sahani."

"Niliiona."

"Akaja huyu mgeni. Akasema, nipe nafasi kwenye ukumbi wako, nami nitakuletea mtoto wako. Hakuna mwingine aliyewahi kuniambia neno hilo. Hata wewe, na kazi yako hiyo."

Lilimchoma, maana lilikuwa kweli.

"Na watu watakaokuwa kwenye ndege?" Bi Harusi akauliza. "Nao wana baba zao."

"Najua." Mzee akafunika uso. "Najua, mwanangu. Nimejaribu kutojua nimeshindwa."

Alilia. Mabega yalitikisika, na Bi Harusi akanyoosha mkono amguse.

Ndipo akasikia magurudumu.

Nje ya mlango, kwenye sakafu ya ukumbi, kitoroli kilikuwa kinapita. Taratibu, kizito, kuelekea mlango wa nyuma.

Akaurukia mlango. Umefungwa. Akageuka. Mzee alikuwa ameshika ufunguo kifuani kwa mikono miwili, hamtazami usoni.

"Nisamehe," akasema.

Alimlea, akamfundisha kila kitu, na leo akamchelewesha kwa machozi ya kweli. Hasira ilimpanda Bi Harusi mpaka masikio yakavuma. Angeweza kumnyang'anya ule ufunguo. Hakutaka kumgusa. Akarudi nyuma hatua, akaupiga mlango teke pale kwenye kitasa. Teke la pili likaufungua.

Kigoda cha tano kilikuwa kitupu.

Na mbele yake alisimama jibaba la shingo nene, lenye beji ya WABEBA VIFAA.

"Sista, huku hakupitiki."

"Kumbe ukuta nao unaongea," akasema Bi Harusi.

Jibaba likachomoa kisu. Yeye akaizungusha Nikon kwa mkanda wake, ikampata kwenye taya, lenzi ikasambaratika. Kisu kikapita karibu na mbavu, kikakata mfuko wa kizibao. Akanyakua bunduki maiti iliyokuwa karibu, akampa kitako tumboni, halafu kisogoni. Jibaba likaanguka juu ya sanamu ya askari aliyevaa sare ya zamani, vyote viwili vikalala chini vimekumbatiana.

Watoto wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Akatoka mlango wa nyuma mbio.

Lori la Isuzu lilikuwa limeshawasha injini. Mlango wake wa ubavuni ulikuwa na lakiri ya jeshi na karatasi kubwa: MALI YA MAKUMBUSHO, INAAZIMWA KWA MAONYESHO NJE YA NCHI. Mpango mzuri, lazima akubali. Lakiri kama hiyo hakuna askari wala mtu wa forodha angethubutu kuivunja. Kando ya dereva alikaa mtu mwembamba mwenye glavu nyeupe za pamba, zile wanazovaa wataalamu wa vitu vya kale. Huyo ndiye bwana harusi.

"Mshenga, keki iko kwenye lori. Isuzu nyeupe. Inaelekea geti kuu."

"Lizuie!"

"Kwa risasi? Uwanja umejaa watoto."

"Timu iko ng'ambo ya barabara. Nipe dakika kumi."

"Hatuna hata mbili. Waambie walinzi wa geti wasifungue."

"Walinzi ni wa jeshi. Jeshi halijui tupo hapa."

"Basi waambie!"

"Siwezi kumwambia Jenerali kwamba kombora lilikuwa nyumbani kwake, Bi Harusi. Unanielewa?"

Alimwelewa sana. Alitamani kumtapikia.

Lori lilikuwa linapenya kati ya watu, dereva anapiga honi kwa adabu, akina mama wanawavuta watoto pembeni. Mbele, mlinzi wa geti alishaona lakiri. Alikuwa ameshaweka mkono kwenye kizuizi.

Kando ya jukwaa, koplo mmoja wa kike alikuwa anafuta baragumu lake kwa kitambaa. Bi Harusi akafika kwake akihema, akamwonyesha kitambulisho.

"Dada, piga wito wa mashujaa."

"Bado, afande. Ni mpaka Jenerali amalize hotuba."

"Piga sasa hivi."

"Watanifunga!"

Bi Harusi akamwangalia. "Una mtu kwenye ule ukuta?"

Koplo akameza mate. "Baba yangu."

"Basi mpigie yeye. Jenerali atasubiri."

Koplo akalitazama hema la feni. Akautazama ukuta. Akaliinua baragumu.

Kuna jambo moja ambalo mwanajeshi halifikirii, analifanya tu. Wito wa mashujaa ukilia, aliyevaa sare anasimama pale pale alipo, mikono ubavuni, na hatikisiki mpaka sauti ya mwisho ififie. Awe anakula, awe anakimbia, awe anafungua geti.

Sauti ilipanda juu ya uwanja, nyembamba, ya huzuni.

Bendi ikanyamaza. Jenerali akainuka na glasi ya soda mkononi, hajui aiweke wapi. Wajane wakasimama mmoja mmoja. Na kule getini mkono wa mlinzi ukatoka kwenye kizuizi, ukashuka ubavuni. Kizuizi kikabaki chini.

Lori likasimama. Dereva akapiga honi. Mlinzi hakupepesa hata jicho. Dereva akapiga tena, safari hii bila adabu.

"Ala!"

Alikuwa mjane mmoja wa viti vya plastiki, mama mnene mwenye fimbo. Aliliacha turubai, akaenda moja kwa moja akasimama mbele ya bampa.

"Zima hilo gari lako! Huna wazazi wewe? Watu wanawalilia wafu wao, wewe unapiga honi!"

Akagonga boneti kwa fimbo. Wajane wengine wakamfuata.

Bi Harusi alikuwa anakimbia katikati ya watu waliosimama kimya. Alimwona mwenye glavu akifungua mlango nusu na kuingiza mkono ndani ya koti. Akaufikia mlango wa lori mkono ule unatoka na Beretta, akausukuma mlango kwa bega lake lote. Kifundo cha mkono kikabanwa. Bastola ikaanguka ndani. Akafungua, akamvuta yule mtu kwa ukosi mpaka chini, Glock ikamgusa shavuni. Dereva akainua mikono mwenyewe.

Sauti ya mwisho ya baragumu ikafifia.

"Kuna nini, binti?" mama wa fimbo akauliza.

"Mlevi tu, mama. Samahani sana."

"Na glavu zote hizo!"

Vijana wa Mshenga walifika wakiwa wamevaa aproni za wauza maua. Walimnyanyua mwenye glavu kama mtu aliyezimia, wakalipeleka lori nyuma ya jengo. Kabla hajaingizwa kwenye gari aligeuka, akamwambia Bi Harusi kwa utulivu:

"Mimi nilimwahidi mzee mtoto wake, na nimemletea. Ninyi mlimwahidi nini?"

Bi Harusi akageuka, akarudi ukumbini.

Alipofika stoo, baba mdogo alikuwa ameshachukuliwa kwa mlango wa nyuma. Wenzake walisema hakupinga. Aliwaona wanaingia, akasimama, akanyoosha mikono afungwe pingu. Sanduku lilikuwa bado juu ya meza.

Bi Harusi akalifungua peke yake.

Mifupa ilikuwa imefungwa kwa turubai safi, imepangwa kwa heshima kuliko alivyotarajia. Hakugusa fuvu. Alitafuta mfupa mmoja tu, mwembamba, uliopinda. Akaupata. Akaupitisha kidole.

Nundu ilikuwepo.

Akakaa kwenye kiti cha mzee, mfupa kiganjani, akalia kama anavyolia mtoto, na kamasi. Kijiti wewe, Kijiti. Na shuka lako.

"Bi Harusi." Mshenga alikuwa sikioni. "Wanasema kuna sanduku la mabaki ya mtu."

Akajifuta kwa mkono wa shati.

"Lipo."

"Kama ni ya yule mtoto wa sajini, yanakwenda tanuri la hospitali leo hii. Hatukuwahi kuwa kule. Mifupa haiwezi ikatoka mahali ambapo hatukuwahi kuwa."

Bi Harusi akauangalia ule mfupa. Akavuta pumzi.

"Ni mbuzi," akasema.

"Nini?"

"Mifupa ya mbuzi. Katapeliwa."

Mshenga akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyepona.

"Lo! Ngoja, niko naye hapa garini, nakuweka kwenye spika. Rudia asikie mwenyewe."

Akiukataa uongo wake, Kijiti anachomwa. Akiurudia, mzee anaenda gerezani akiamini alimuuza kila mtu kwa ajili ya mbuzi.

"Ni mbuzi," akarudia.

Upande wa pili alisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mzee yule, hata kwenye msiba wa mkewe. Ilikuwa kama mlio wa mtu aliyekanyagwa kifuani.

"Yatupe," Mshenga akasema. "Na uende jukwaani. Mzee anaitwa kupokea nishani. Watu wasishtuke. Ipokee wewe."

Alitoa stendi ya kamera kwenye begi refu, akaisimamisha kwenye kona. Akamlaza Kijiti humo na turubai lake, akafunga zipu, akajitundika begani.

Jukwaani, mshereheshaji aliutangazia umma kwamba sajini wetu mpendwa ameitwa kikazi, na kwamba binti yake atapokea kwa niaba yake. Watu wakapiga makofi. Wajane nao walipiga, tena kwa nguvu. Jenerali akampa mkono, na Bi Harusi akampa ule ule uliotoka kuushika mtulinga.

"Mwambie mzee," Jenerali akasema karibu na kipaza sauti, "taifa halimsahau mtu wake."

"Ataambiwa, afande."

Kamera zikalia. Hakutabasamu. Akashuka, akaitumbukiza nishani ndani ya begi.

Gari la Mshenga lilikuwa karibu na geti, Hiace nyeupe iliyochorwa mashada ya maua. Mlango wa ubavuni ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Baba mdogo alikaa kati ya vijana wawili, pingu mikononi, amejikunja. Katika saa moja alikuwa amezeeka mpaka huwezi kumtambua. Mshenga alikaa mbele anakula biskuti za sherehe.

"Bi Harusi! Safi sana. Panda tukupeleke."

"Nitatembea."

"Na begi lote hilo?"

"Stendi tu ya kamera. Nimeizoea."

Akasimama pale, usawa wa mlango, kama anayerekebisha mkanda wa begi.

Mzee akainua macho. Yalikuwa mekundu, yamekufa.

Bi Harusi akaweka kidole kwenye mtulinga wake wa kushoto. Akakipitisha polepole juu ya mfupa, kutoka shingoni kuelekea begani. Katikati ya njia, mahali ambapo yeye hakuwa na kitu, kidole kikapanda, kikashuka. Kisha akaubonyeza kidogo, kama alivyokuwa akimchokoza kaka yake. Akapigapiga begi mara moja kwa kiganja.

Mzee alikitazama kile kidole. Akalitazama begi.

Hakuweza kusimama, paa lilikuwa chini. Hakuweza kupiga saluti, pingu zilimzuia. Akanyoosha mgongo taratibu, akainua kidevu, akakutanisha visigino kwenye sakafu ya Hiace, macho mbele, machozi yanamshuka mpaka kwenye ukosi wa sare aliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi.

Mshenga akageuka na biskuti mdomoni. "Mzee analia nini tena?"

"Mwache," Bi Harusi akasema. "Leo ni sikukuu yake."

Akachomoa kisikilizio sikioni, akakiweka juu ya dashibodi, karibu na pakiti ya biskuti. Bendi ilikuwa imeanza upya. Mlinzi wa geti alipomwona akainua kizuizi kwa tabasamu.

"Umeshamaliza, mpiga picha?"

"Nimemaliza."

"Umepata picha nzuri?"

"Kamera imevunjika."

"Pole, dada. Karibu tena mwakani."

Hakugeuka. Aliliweka begi vizuri begani, akafuata upande wa barabara wenye kivuli, kuelekea makaburini alikozikwa mama mdogo.